Visanduku vya Saa Sita Mchana

Jumanne, 5 Machi

Mama amerudi nyumbani jana. Kwa kuwa sasa kuna jambo ambalo lazima niliandike kila siku, nimeamua kuandika na mengine humu humu. Kurasa za mbele za daftari hili ni za dawa. Za nyuma ni zangu.

Mama alijifungua Ijumaa kwa upasuaji, kwa sababu mtoto alikuwa amelala mkingamo na hakutaka kugeuka. Ni wa kiume. Bado hajapewa jina, tunamwita Mgeni. Mdogo wangu wa kike, ambaye ana miaka mitatu na ambaye sote tunamwita Mchwa kwa sababu hula kila kitu kuanzia chaki hadi udongo, alipomwona alijaribu kumwonja sikio.

Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi mwenye miwani ya kamba aliniita kando ya kitanda.

"Wewe ndiye msomi wa nyumba?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Basi dawa ni zako. Mtu mmoja tu. Watoa dawa wakiwa watatu, mgonjwa humeza mara mbili au hamezi kabisa." Akanionyesha vidonge. Vyeupe viwili kila baada ya saa sita: alfajiri, adhuhuri, magharibi na usiku. Cha waridi kimoja mara tatu, baada ya chakula. "Na usingoje aumwe ndipo umpe. Maumivu yakishaketi, kuyainua ni kazi. Mpe kabla hayajafika. Asipoumwa atakohoa, atainuka, atatembea. Akiumwa atajikunja kitandani, na kujikunja ndiko kunakotuletea matatizo mengine."

Akaniambia pia nimuulize Mama kila asubuhi na jioni anaumwa kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi, na niandike.

Nimechora jedwali kwa rula. Safu nne za dawa, mbili za maumivu. Kila akimeza, naweka tiki. Boksi la dawa liko juu ya kabati la nguo kwa sababu ya Mchwa. Mama haruhusiwi kunyoosha mikono juu, wala kubeba kitu kizito kuliko Mgeni. Vidonge vya usiku navitoa jioni na kumwachia Baba kwenye kisahani, ndiye huamka. Vya mchana siwezi kuviacha kisahanini. Mchwa yuko macho.

Shule ni mwendo wa dakika kumi. Nitakimbia wakati wa mapumziko.

Leo asubuhi 5, jioni 5.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nilikimbia kwenda na kurudi, nikaingia darasani viatu vikilia kama vyura. Jirani yangu wa dawati akasema, "Karibu, bata." 4 na 4.

Ijumaa, 8 Machi

Bibi amefika, mama yake Baba. Amekuja na begi moja na maneno mengi. Alimtazama Mgeni kwa muda mrefu, akamtazama Mama, akasema:

"Ehe. Siku hizi mtoto hazaliwi. Anateremshwa, kama mzigo kwenye buti la gari."

Mama akaanza kucheka, halafu akashika tumbo kwa mikono miwili. "Mama, nakuomba, usinichekeshe. Nitafumuka."

"Utafumukaje, kwani hawakukutia zipu?"

Mama alicheka huku machozi yakimtoka, na hayakuwa ya kicheko. Nilimkasirikia Bibi. Nilimletea Mama mto aukumbatie juu ya mshono, kama muuguzi alivyofundisha, nikamwambia Bibi kwa adabu kwamba kuchekesha kumepigwa marufuku hadi mwisho wa mwezi.

"Nani kapiga?"

"Mimi."

"Lo! Karani ametoa amri." Tangu hapo ananiita Karani.

Nilipopanda kigoda kutoa vidonge vya jioni, alisimama nyuma yangu akavikodolea macho. "Vyote hivyo? Mtoto atanyonya maziwa au duka la dawa?" Nilimweleza kwamba muuguzi amesema dawa hizi hazimdhuru anayenyonya. Akasema yeye alizaa saba na hakupewa hata kidonge cha kunusa. Bibi hajui kusoma. Nafikiri mtu kama yeye akiachiwa boksi hili, Mama hatameza hata kimoja.

Jumapili, 10 Machi

Mama ametembea hadi mlangoni na kurudi, akiwa wima. 3 na 3. Jedwali limependeza sana.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu wa Hisabati ameniita. Tumechaguliwa watano kufanya mtihani wa kujiunga na shule maalumu ya sayansi, ile yenye maabara tatu. Mtihani ni Jumamosi ya tarehe 23. Hadi siku hiyo atatufundisha kila siku wakati wa mapumziko ya mchana, kwa sababu jioni anafundisha kwingine.

Nilimwambia kwamba mchana huenda nyumbani kumpa mzazi dawa.

"Hakuna mtu mwingine nyumbani?"

"Yupo Bibi."

"Basi panga na Bibi."

Nilisema ndiyo, Mwalimu. Sikupanga na Bibi. Nilifikiri: nitakimbia kwanza, nitampa, nitarudi nikute nusu ya somo.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo si zuri, na nataka kuliandika kama lilivyokuwa.

Saa sita kasoro robo mvua ilianguka kama iliyomwagwa. Barabara ya mbele ya shule ikawa mto wa maji ya kahawia. Wale wanne wakaingia chumba cha maabara na Mwalimu, mimi nikasimama barazani, nikisubiri ipungue. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa anachora grafu ya maji yanayojaa tangi lenye tundu. Nikasogea ili nione. Nikasogea tena. Mvua ilipopungua nilikuwa nimeketi, na kalamu mkononi.

Nilirudi nyumbani saa kumi. Mama alikuwa amelala upande wa ukuta, magoti juu.

"Nilijua mvua imekushika," alisema kabla sijafungua mdomo. Nilimpa maji na vidonge vya jioni mapema kidogo. Jioni alisema 6.

Halafu nikafungua daftari, nikakuta kisanduku cha mchana tayari kina tiki. Niliiweka mwenyewe asubuhi. Mimi ni kiranja wa usafi, na Ijumaa huwa najaza fomu ya wiki nzima ya zamu za kufagia, kwa sababu najua watafagia tu. Mkono umezoea. Leo asubuhi niliweka tiki ya alfajiri na ya mchana kwa pamoja, nikijua nitakuja.

Nilitaka kuifuta. Lakini ni wino, na kufuta wino kunachafua ukurasa. Nikatoa vidonge vya mchana, viwili vyeupe na kimoja cha waridi, ili hesabu ya kwenye boksi ilingane na daftari. Nimevitia kwenye mkebe wangu wa hisabati, chini ya bikari.

Jumatano, 13 Machi

Nilikimbia, nikampa. Nilikuta somo limeisha. 4.

Alhamisi, 14 Machi

Sikwenda. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu.

Jioni Mama aliniuliza polepole, "Za mchana leo vipi?" Nikamwambia kwamba muuguzi alisema baada ya siku kumi za mchana si lazima, mtu akiwa anaendelea vizuri. Sentensi ilitoka nzima, kama niliyoisoma kitabuni. Mama alinitazama. Akasema, "Haya, mwanangu. Kama alisema."

Asubuhi 3, jioni 6. Nambari naandika za kweli. Sijui kwa nini nambari siwezi kuzidanganya na tiki naweza.

Ijumaa, 15 Machi

Sikwenda. Mkebe unatoa sauti nikitembea. Nimeufunga kwa leso.

Jumapili, 17 Machi

Jana na leo nilikuwa nyumbani, nikampa mchana zote mbili kwa wakati. Nilimwambia "zimebaki za akiba, meza tu." Alitembea hadi uani. 4 na 3. Paa letu linavuja sehemu mbili. Baba ni fundi wa mapaa, na msimu huu anashinda juu ya nyumba za watu. Bibi alimwambia, "Mwanangu, hapa kwetu tukuite lini, kiangazi?" Mama akaguna, akashika mto. Nilitaka kucheka, ila nilipiga marufuku mwenyewe.

Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu alisema tuchore grafu ya kitu chochote tunachokipima wenyewe. Wengine walichora mvua kwenye kopo. Mimi nilichora nambari za jioni za Mama bila kuandika ni za nini. Mstari unapanda Jumanne, unashuka Jumatano, unapanda Alhamisi na Ijumaa, unashuka Jumamosi na Jumapili.

Mwalimu aliishika juu wote waione. "Hiki kitu kina sababu," alisema. "Kuna kinachotokea siku hizi na hakitokei siku zile. Mwenye grafu akijua ni nini, amemaliza kazi." Akaniuliza, "Umekijua?"

Nikasema bado, Mwalimu.

Jumanne, 19 Machi

7.

Jumatano, 20 Machi

8. Hakuinuka leo. Mgeni aliletwa kitandani kunyonya na Mama aliuma pindo la shuka.

Alhamisi, 21 Machi

Nimerudi na kumkuta Bibi amepiga magoti kando ya kitanda, amemshika Mama mgongo kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameukandamiza mto juu ya mshono, ili Mama akohoe. Alikuwa anamhesabia. "Moja, mbili, haya sasa, kohoa, mimi nimekushika, halitoki kitu." Mama alikohoa na kulia. Bibi alimpangusa uso kwa kitenge chake.

Sikujua kwamba hufanya hivyo. Magoti yake ni mabovu, kuinuka kulimchukua muda mrefu.

Aliponiona alisema, "Karani, hizo dawa zako zimechoka? Mchana kutwa ananitetemekea mikononi." Hakusema kwa mzaha. Nilipanda kigoda, nikampa Mama za jioni, nikaweka tiki. Bibi aliiangalia tiki ile kama mtu anayeangalia muhuri wa serikali.

Mtihani ni keshokutwa. Najiambia: siku mbili tu, halafu nitatoa zote kwa wakati na hakuna atakayejua. Kesho alasiri Mama ana miadi ya kuonwa kidonda. Watamwona, watampa nafuu.

8.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika kwenye karatasi ya grafu kwa sababu daftari halipo. Lipo juu ya meza ya daktari.

Leo lilikuwa somo la mwisho, nikabaki. Kwa hiyo na leo mchana Mama hakumeza. Nilifika nyumbani mbio saa nane, Baba akiwa amekuja na gari la rafiki yake, tukampeleka. Kila tulipokanyaga shimo Mama alinifinya mkono.

Daktari ni mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini. Alifungua bandeji, akasema kidonda kimekauka vizuri. Alipobonyeza tumbo kando kidogo, Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Kabla ya hapo nilifikiri namjua Mama kwa sauti zake zote.

Akatutoa nje, Baba na mimi, akafungua daftari langu akiwa amesimama ukumbini. Alipekua kurasa za mbele moja moja. Muuguzi wa miwani ya kamba alikuwa pembeni yake.

"Nani ameandika?"

"Binti yangu," Baba alisema, akaniwekea mkono begani.

"Kazi safi. Hata wauguzi wangu hawaniandikii hivi." Akamgeukia Baba. "Hiki ndicho kinachonitia wasiwasi. Kama dawa zote hizi anazimeza, hata moja haijakosekana, na bado maumivu yanapanda namna hii, wiki tatu baada ya upasuaji, basi kuna kitu ndani. Damu iliyoganda, au usaha. Homa hana, na hilo linanichanganya. Ningempiga picha, lakini mashine imeharibika na fundi anakuja Jumatatu. Sitaki kungoja Jumatatu. Abaki hapa. Kesho saa nne asubuhi tutamfungua tena, tuangalie."

"Mumfungue tena?" Baba alisema.

"Nisingefanya kama zisingekuwa hizi tiki."

Alisema hivyo. Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua moja. Mkebe ulikuwa kwenye mkoba wangu, ndani yake vidonge ishirini na vinne. Ningeweza kuutoa tu na kuufungua. Niliubana mkoba kwapani. Daktari akaliweka daftari kwenye meza yake karibu na mlango, wazi, na akaondoka. Nikafikiri: kurasa za nyuma. Yote nimeyaandika. Mtu akiligeuza tu daftari, atasoma, na sitahitaji kusema. Nilisimama nikalingoja daftari liniseme. Muuguzi alilifunga akaweka juu yake kikombe cha chai.

Nyumbani Baba alivua kofia iliyolowa, akamwambia Bibi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mama, sema kweli. Ulimkataza asimeze?"

"Mimi?"

"Tangu umekuja, kazi yako ni kuzikejeli hizo dawa. Duka la dawa, duka la dawa. Labda anazitema ukiwa hapo, labda anakuogopa."

Bibi alikuwa amembeba Mgeni, anamnywesha maziwa kwa kijiko. Hakuinua sauti.

"Maneno yangu ni ya mdomoni, mwanangu. Mdomo wangu unaujua tangu uko mgongoni. Lakini mimi sijashika kidonge hata kimoja humu ndani. Dawa ni za Karani. Daftari si mnaliona? Limejaa."

Akanitazama. Si kwa kunishuku. Alinitazama kama mtu anayemwita shahidi wake.

Nilisema, "Nakwenda kumlaza Mchwa."

Nimemlaza Mchwa. Maji yanadondoka kwenye beseni. Karatasi hii ina visanduku vidogo mia kadhaa na nimeijaza yote.

Jumamosi, 23 Machi

Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na sare ya shule. Baba alifikiri nakwenda mtihani. Akanipa mwavuli wake na kusema, "Mama yako angependa ufanye." Njiani, kwenye makutano, kulia ni shule na kushoto ni hospitali. Sitaki kuandika kwamba nilichagua kwa ujasiri. Nilisimama pale mpaka mama muuza maandazi akaniuliza kama nimepotea.

Muuguzi wa miwani ya kamba alikuwa anakabidhi zamu. Nilimwambia, "Shikamoo, nina kitu cha kukuonyesha," nikafungua mkebe juu ya kaunta. Bikari, rula ndogo, kipimapembe, na vidonge. Vyeupe havikuwa vyeupe tena, vilikuwa na rangi ya risasi ya penseli. Vya waridi viwili vilikuwa vimepasuka.

Hakuelewa mara moja. "Umeviokota wapi?"

"Ni vya Mama. Vya mchana. Sikumpa. Niliweka tiki lakini sikumpa."

"Siku ngapi?"

"Nane."

Alivimwaga kwenye trei na kuvihesabu kwa ncha ya kalamu, vitatu vitatu. Nilitamani anifokee. Alipomaliza alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Kwa hiyo tangu alfajiri hadi magharibi hana kitu mwilini. Saa kumi na mbili. Na sisi tumemwona saa tisa." Akanitazama. "Unajua tulikuwa tunakwenda kufanya nini saa nne?"

"Ndiyo. Nilisikia jana."

"Ulisikia jana," alisema, polepole sana, na hapo ndipo nilipofokewa.

Alinishika mkono akanipeleka kwa daktari, ambaye alikuwa tayari amevaa kofia ya kijani. Nikasema tena. Kusema mara ya pili ni kugumu zaidi, kwa sababu mara ya kwanza mtu hajui anachokisema. Daktari alichukua daftari kutoka chini ya kikombe. Aliangalia safu ya maumivu, si ya tiki, akiifuata kwa kidole.

"Nambari hizi ni za kweli?"

"Ndiyo. Hizo sikuzigusa."

"Jumamosi na Jumapili ulimpa mchana?"

"Ndiyo."

Akalifunga daftari. Kisha akamwambia muuguzi: "Mrudisheni wodini. Dawa sasa hivi, na kila zinapopita saa sita, mkononi mwako mwenyewe. Atembee kila anapomeza. Pimeni joto. Nitamwona kesho asubuhi. Akipungua, hatufungui. Asipopungua, tunafungua." Akanigeukia. "Omba apungue."

Baba alikuwa ameingia bila mimi kujua. Alikuwa mlangoni, maji yanamtiririka kwenye koti, na amesikia yote. Nilingoja kofi, au neno. Alisema tu, "Jana nilimwambia mama yangu maneno," akatoka. Mchwa ameniambia jioni kwamba Baba alikaa chini sakafuni mbele ya Bibi, "kama anayenyolewa."

Mtihani ulianza saa tatu. Ningesema jana, leo ningekuwa nimeufanya. Si hospitali iliyoninyima. Ni jana.

Bibi sijamwambia kitu. Nilipoingia alikuwa anafua nepi. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni, nikafua, tukafua zote. Mwishoni alisema, "Mke mwenzangu, mkono wako mzito, unafua kama unamchapa mtu." Nikalia hadi nikalowesha nepi iliyokwisha kukamuliwa.

Jumapili, 24 Machi

Saa nne asubuhi 4. Saa kumi alasiri 4. Ametembea ukumbi mzima mara mbili, ameshika ukuta. Daktari amesema hatufungui.

Muuguzi amenirudishia daftari. Nilimuuliza kama alisoma kurasa za nyuma. Akasema, "Mimi nasoma za wagonjwa."

Jumanne, 26 Machi

Mama yuko nyumbani. Leo mchana shule ilifungwa mapema kwa sababu ya maji, nikampa vidonge, akameza, akanipa bilauri. Nikasema nililotaka kusema tangu Jumamosi: kwamba nilimdanganya, kwamba muuguzi hakusema za mchana si lazima.

"Najua," Mama alisema.

"Baba amekwambia?"

"Nilijua siku ile ile. Muuguzi alipokuwa anakufundisha mimi nilikuwa nimelala palepale. Nilipasuliwa tumbo, masikio hawakuyagusa."

Nikaiweka bilauri chini.

"Ulikuwa unarudi jioni uso umekunjuka. Unamweleza Mchwa habari za tangi lenye tundu, na Mchwa anataka kulila tangi lenyewe. Nikasema, ni saa chache za mchana, nitavumilia, mtihani upite. Nilidhani ni kuumwa tu. Sikujua kama kuumwa kwangu kutamfanya mtu ashike kisu." Alijifuta jasho. "Hawakuniambia sababu, wangeniambia ningesema. Tumekosa wawili, mwanangu."

"Usinipunguzie, Mama."

"Sikupunguzii. Nakwambia hesabu ilivyo."

Lakini tangu hapo najisikia vibaya zaidi. Nilipokuwa nafikiri hajui, nilikuwa nimemwibia. Sasa najua kwamba alikuwa ananipa, kila mchana, akiwa amejikunja upande wa ukuta, nami nilipokea na kwenda kuchora grafu yake.

Jumatano, 27 Machi

Nimemwendea Bibi. Nimempigia magoti, nikasema nilimwacha alaumiwe. Alisema magoti yake yanauma kwa kunitazama tu, niinuke. Halafu akauliza, "Kwa nini hukunipa mimi hivyo vya mchana? Ningevifunga kwenye pindo la kitenge."

Kwa nini sikumpa. Nimelifikiria swali hili kutwa. Ni kwa sababu ningemwomba, ningelazimika kusema kwamba nataka kubaki shule. Na kwa sababu nilidhani mtu asiyejua kusoma hawezi kuaminiwa na kitu chenye saa.

"Nilikudharau, Bibi," nilisema.

"Hilo nililiona," alisema. "Lete vidonge."

Alhamisi, 4 Aprili

Jedwali jipya. Bibi na mimi tumelichora pamoja: jua linachomoza, jua utosini, jua linazama, mwezi. Nilipokimbia nyumbani mchana kuhakikisha, nilimkuta Bibi anafungua pindo, anatoa kidonge (sasa ni kimoja tu), anamsimamia Mama hadi anameza, kisha anachovya kidole kwenye mkaa na kubandika alama chini ya jua la utosini. "Umekuja kunikagua, Karani?" Nikasema hapana, nimekuja kuona. "Ni hilo hilo. Rudi shule."

Mwalimu wa Hisabati amesema mtihani upo tena mwakani. Nilimweleza sababu ya kweli. Aliuliza kama ile grafu ilikuwa ya maumivu ya mama yangu, nikasema ndiyo. Akasema nikimaliza mada ya uwezekano nimletee daftari la Hisabati alisahihishe. Nimejiuzulu ukiranja wa usafi. Fomu za zamu zilikuwa na tiki nyingi ambazo sikuwa na hakika nazo.

Jumanne, 9 Aprili

Kisanduku cha mchana kiko wazi. Nilishtuka. Bibi akasema, "Amekataa, anasema haumwi. Nisibandike uongo." Nimeandika ndani yake kwa herufi ndogo: *hakumeza, hakuhitaji*.

Jumapili, 14 Aprili

Jua. Baba yuko juu ya paa letu, hatimaye. Anapigilia misumari, na Bibi amesimama uani akimwelekeza mahali ambapo hawezi kupaona.

"Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu! Lo, huyu naye nilimzaa kwa njia ya kawaida na bado hakukamilika!"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, Mgeni mapajani. Alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na nikaruka kwenda kumletea mto. Nilipofika nao niliona kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa kwa Mgeni. Hakushika tumbo. Sidhani hata alikumbuka.

Nikabaki nimeukumbatia mto mimi.

Jioni nilifungua daftari. "Niandike sifuri?" nilimuuliza.

Mama alijinyoosha kidogo upande huu, kidogo upande ule, akisikiliza mwilini mwake.

"Bado iko moja," alisema.

"Moja si kitu, Mama. Ningependa ukurasa wa mwisho uwe na sifuri."

"Najua ungependa. Andika moja."

Nimeandika moja.